Supu ya mboga na makaroni inapoharibika: dalili, chanzo na namna ya kuinusuru

Supu ya mboga na makaroni ni ndugu wa minestrone ya Waitaliano, na kama ndugu yake huyo, haina orodha moja ya viungo. Kinachopatikana sokoni siku hiyo ndicho kinachoingia sufuriani. Kwa hiyo ikiharibika, mara chache chanzo ni kiungo kilichokosekana. Mara nyingi vitu visivyoiva kwa muda mmoja vimetumbukizwa kwa wakati mmoja. Kiazi kinataka dakika 15, mchicha dakika 3, maharage makavu saa nzima na zaidi, na makaroni yakishaiva hayamngoji mtu. Ukishajua nini kilitangulia na nini kilichelewa, nusu ya tatizo umeshaipata.

Tuanze na kipimo, maana bila kipimo huwezi kujua umepotea wapi. Kwa watu 6: maji lita 2, vitunguu maji 2, karoti 3, bua moja la seleri ikipatikana, punje 4 za kitunguu saumu, viazi mviringo 2 vikubwa, nyanya mbivu 4, maharage yaliyokwisha kuiva vikombe 2, robo ya kabichi, fungu moja la mchicha au spinachi, makaroni makavu gramu 120 (kikombe kimoja hivi), mafuta vijiko 3 vya chakula, na chumvi vijiko vya chai 2 na nusu vilivyosawazishwa.

Kaanga vitunguu maji, karoti na seleri katika vijiko 2 vya mafuta kwa moto mdogo dakika 10. Weka kitunguu saumu, koroga dakika 1. Mimina maji ya moto, weka viazi na nusu ya chumvi, chemsha dakika 10. Huku nyuma kaanga nyanya pembeni kwa kijiko cha mafuta kilichobaki mpaka zishikane na mafuta yaanze kujitenga. Tia nyanya, kabichi na maharage, acha dakika 10 nyingine. Makaroni yanafuata, kisha majani ya kijani dakika 3 kabla ya kuepua. Chumvi iliyobaki utaitia mwisho, ukionja.

Makaroni yamekunywa supu yote

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa karibu kila mpishi wa supu hii. Inaepuliwa ikiwa na mchuzi wa kutosha, na baada ya nusu saa sufuriani kumebaki rojo zito lililojaa makaroni manene yaliyotepeta.

Wanga uliomo ndani ya makaroni hunywa maji kwanza ukiwa motoni, na huendelea kuyanywa hata moto ukizimwa. Gramu 100 za makaroni makavu zikiiva sawasawa huwa kati ya gramu 220 na 250. Maana yake ni kwamba pakiti ya gramu 500 iliyomiminwa nzima kwenye lita 2 za maji hunywa zaidi ya nusu lita kabla hujapakua, na bado haijatosheka. Juu ya hapo, wanga unaojimwaga kutoka kwenye makaroni huufanya mchuzi uliobaki uwe mzito, na unapopoa huganda zaidi.

Kuinusuru ni rahisi: ongeza maji ya moto kikombe kimoja kimoja, chemsha, kisha onja upya, kwa kuwa chumvi na asidi vyote vitakuwa vimepungua nguvu. Usitie maji ya baridi. Yanavunja mchemko, na muda wa kurudi kuchemka unayalegeza makaroni zaidi.

Kuzuia kuna njia mbili. Kama supu yote italiwa mara moja, pika makaroni ndani ya supu kwa kipimo cha gramu 60 kwa kila lita ya maji, na uyaepue yangali na ugumu kidogo jinoni. Kama kuna watakaokula baadaye, chemsha makaroni kwenye sufuria nyingine yenye maji ya chumvi, yachuje, yapake kijiko cha chai cha mafuta yasishikane, kisha kila mtu awekewe yake kwenye bakuli na kumwagiwa supu ya moto juu. Sisi tunaipendelea njia hii ya pili hata kama inachafua sufuria moja zaidi, kwa sababu inatatua pia tatizo la kiporo, tutakalolifikia chini.

Makaroni yamelegea, au yana kiini kibichi

Yakilegea na kupasuka wakati mchuzi bado ni mwingi, angalia pakiti kabla ya kulaumu moto. Makaroni ya ngano ngumu, ile iitwayo durum, yana protini imara inayoushikilia wanga. Yale ya unga wa ngano ya kawaida huiva haraka na kupasuka haraka. Kwa haya ya pili punguza dakika 2 au 3 kutoka muda ulioandikwa. Tambi nyembamba za kukatakata zinaiva kwa dakika 3 hadi 4, kwa hiyo usizitie pamoja na makaroni manene ya kiwiko yanayotaka 8 hadi 10.

Kiini kikibaki kibichi ilhali muda wa pakiti umepita, huenda shida ni mwinuko wa mahali ulipo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam na Mombasa, lakini Nairobi au Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa kuwa kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu nyuzi 1. Mchemko unaonekana uleule, ila joto lake ni dogo. Ongeza dakika 2 au 3 kwa makaroni, na kwa maharage tarajia muda mrefu zaidi wa kutosha kukufanya utafute sufuria ya presha.

Yakishikana na kung'ang'ania chini, hayakukorogwa mwanzoni. Dakika 2 za kwanza ndizo zenye hatari, kwa sababu wanga wa juu ya makaroni unakuwa gundi. Koroga kwa mwiko ukigusa kitako cha sufuria, na hakikisha maji yanachemka kweli kabla ya kuyatia.

Supu haina ladha, kama maji yaliyopitishwa mboga

Hapa ndipo wengi hukimbilia mchemraba wa viungo vya supu, na hapo ndipo supu ya afya inapoacha kuwa ya afya. Kabla ya kufika huko, jiulize maswali matatu.

La kwanza: vitunguu na karoti vilikaangwa au vilichemshwa tu? Mboga zikitupwa moja kwa moja kwenye maji hutoa ladha ya kuchemshwa, nyepesi na yenye ukali wa kitunguu kibichi. Dakika 10 za moto mdogo pamoja na chumvi kidogo huyatoa maji ya kitunguu, ukali unaondoka na utamu unabaki. Kitunguu kinapaswa kulainika na kung'aa, kisiwe cha kahawia. Na mafuta usiyaogope kabisa: rangi ya chungwa ya karoti na ile inayojificha ndani ya majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta kidogo.

La pili: maji ni mangapi? Kwa lita 2 za maji, mboga mbichi zote kwa pamoja zifikie angalau kilo 1 na nusu. Chini ya hapo, ladha itakuwa nyembamba hata ukikaanga vizuri namna gani.

La tatu: kuna kitu chenye ladha nzito ndani yake? Nyanya mbivu iliyokaangwa sana, uyoga mkavu ulioloweka, kijiko cha nyanya ya kopo kilichokaangwa dakika 2 pamoja na kitunguu, au ganda gumu la jibini ya Parmesan, vyote vina glutamati ya asili inayoipa supu uzito mdomoni. Waitaliano hulitupia ganda hilo sufuriani likachemke pamoja na mboga kisha hulitoa. Ukilitumia, punguza chumvi, kwani jibini ile ina chumvi ya kutosha.

Supu iliyo mezani tayari na haina ladha bado inaokoleka. Chota vikombe 2 vya maharage na viazi kutoka humo humo, viponde mpaka viwe uji, uvirudishe. Acha sufuria wazi ichemke taratibu dakika 10 maji yapungue. Kisha tia kijiko cha chai cha maji ya limau na uonje kabla ya kugusa chumvi. Mara nyingi kinachokosekana ni uchachu kidogo tu, na mpishi anadhani ni chumvi.

Maharage hayaivi, viazi na karoti vimekaa vigumu

Saa imepita, makaroni yameshapondeka, na maharage bado yanagonga meno. Chanzo cha kwanza ni nyanya zilizotangulia. Kuta za chembe za mboga na maharage zimeshikamanishwa na pektini, na pektini huyeyuka kwa shida kwenye maji yenye asidi. Nyanya, limau na siki vyote vina asidi. Ndiyo maana maharage yanapikwa peke yake mpaka yalainike kabisa, na ndiyo maana viazi hutangulia nyanya kwa dakika 10. Maharage yaliyoingia na ugumu kwenye supu ya nyanya unaweza kuyachemsha hadi usiku.

Chanzo cha pili ni maji magumu. Visima vingi, hasa vya pwani, vina kalsiamu na magnesiamu nyingi, na madini hayo huikaza pektini vilevile. Kama ndani ya birika lako kuna ukoko mweupe, maji yako ni magumu. Loweka na kupika maharage kwa maji ya mvua ukiweza.

Cha tatu ni maharage ya zamani. Yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba kuloweka hakutoshi. Usiyachanganye na mapya, maana hayataiva pamoja.

Njia tunayoipendekeza: loweka usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, umwage maji hayo asubuhi na uyasuuze. Chumvi ya kulowekea hulainisha ganda. Dhana kwamba chumvi hugandisha maharage inarudiwa sana jikoni, lakini kwa kulowekea ina faida. Magadi nayo hulainisha haraka, ila huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni yakizidi, kwa hiyo tuyaache kwa maharage sugu tu, tena ncha ya kijiko.

Kuna jambo la usalama hapa lisilopaswa kupuuzwa. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Inaondolewa kwa kuloweka saa 5 au zaidi, kumwaga maji, na kuchemsha kwa mchemko mkali angalau dakika 10. Sisi tunashauri 30. Moto mdogo usiochemsha hauiondoi. Anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto ayachemshe kwanza kwa dakika hizo ndipo ayafunike kikapuni.

Kijani kimegeuka kahawia, mboga zimerojeka

Klorofili, ile rangi ya kijani, ina magnesiamu katikati yake. Joto na asidi vikidumu, magnesiamu hutoka na rangi inakuwa ya kijani cha udongo. Mchicha na spinachi wanataka dakika 2 hadi 3, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba dakika 8, kabichi 10. Tia majani mwishoni, acha sufuria bila kifuniko ili asidi nyepesi itoke na mvuke, na upakue mara moja. Usiweke magadi kuokoa rangi. Yatakupa kijani kikali na mboga za kutafuna kwa ulimi, na vitamini C itakuwa imekwenda.

Viazi vikivunjika vyote, vilikatwa vidogo mno au ni vya aina ya unga. Vipande vya sentimita 2 vinastahimili. Vikiwa vimeshavunjika, achana navyo, vitaifanya supu kuwa nzito na hilo si kosa kubwa.

Chumvi imezidi

Kwanza ondoa imani ya kiazi. Kiazi kibichi kikitumbukizwa hunywa mchuzi pamoja na chumvi yake, hakiichagui chumvi na kuacha maji. Ukikitoa, umetoa mchuzi kidogo tu. Kinachosaidia kweli ni kuongeza wingi: maji ya moto, maharage yasiyo na chumvi, au viazi vilivyopondwa vikabaki humo humo. Limau hupunguza makali mdomoni, ila chumvi inabaki ileile mwilini.

Kwa afya, hesabu ni hii. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai. Kipimo chetu kilichotajwa mwanzoni kinampa kila mlaji gramu 2 na ushee. Mchemraba mmoja wa gramu 10 wa viungo vya supu unaweza kubeba karibu gramu 5 za chumvi, kwa sababu kwa aina nyingi chumvi ndiyo inayoongoza orodha ya viambato. Ukiweka miwili na kisha vijiko vyako vya kawaida, umempa mgonjwa wa presha chumvi ambayo hakuiomba. Ukilazimika, tumia mmoja na uondoe kijiko kizima cha chai cha chumvi. Maharage ya kopo nayo yasuuzwe kwa maji safi kabla ya kuingia.

Uchachu na uchungu

Uchachu wa nyanya huondoka kwa karoti moja iliyokunwa na dakika 10 zaidi za kuchemka. Ukigoma, ncha ya kijiko cha baking powder haitoshi na huleta ladha nyingine. Tumia magadi ya kuokea (baking soda), kiasi cha ncha ya kisu kwa sufuria nzima, koroga, povu likishatulia onja. Sukari tunaikataa, haina kazi kwenye supu hii.

Uchungu una asili tatu. Kitunguu saumu kilichoungua huacha uchungu usiofutika, na dawa ni kuanza upya. Seleri yenye majani mengi huleta uchungu mdogo unaovumilika. Cha tatu ndicho cha hatari: mumunye, zukini, tango au boga lenye uchungu mkali. Jamii hiyo ya mimea inaweza kutengeneza kukurbitasini, sumu isiyoharibiwa na kupika. Onja kipande kidogo kibichi kabla ya kukata, na kikiwa kichungu kiteme na utupe zao lote. Kama supu yenye mumunye imekuwa chungu sana, imwage, usimlazimishe mtu kuimaliza.

Imeungua chini

Sufuria nyembamba ya alumini juu ya mkaa uliokolea huunguza mara makaroni yanapotulia chini. Ukisikia harufu, usikoroge wala usikwangue. Epua, teka supu ya juu kwa upawa na kuihamishia sufuria nyingine, uache inchi ya mwisho. Funika dakika 5, onja. Kama ladha ya moshi ipo kidogo, pilipili manga na limau vitaificha. Kama imetawala, haitatoka.

Imechacha usiku

Supu iliyoachwa jikoni ikifunikwa, asubuhi ina mapovu madogo na harufu ya uchachu. Makaroni, viazi na maharage ni chakula kizuri cha bakteria, na sufuria nzito iliyojaa hupoa polepole sana, ikikaa saa nyingi kati ya nyuzi 5 na 60 ambako bakteria huzaana. Mmoja wao, Bacillus cereus, huacha mbegu zinazostahimili mchemko, na sumu yake moja ya kutapisha haivunjwi na moto. Hivyo kuipasha hadi ichemke hakuirudishi kuwa salama. Imwage, hata kama inanukia vizuri lakini imelala nje usiku kucha.

Kuiweka salama, isizidi saa 2 nje baada ya kuepuliwa, na saa 1 kama joto la mahali linapita nyuzi 32. Igawe kwenye vyombo vifupi, kina kisichozidi sentimita 5, au iketishe sufuria kwenye karai la maji baridi ukikoroga, kisha jokofuni kwenye nyuzi 4 au chini. Hapo inakaa siku 3. Pasha kiasi kinacholiwa tu, kichemke mpaka katikati, na kisirudishwe. Asiye na jokofu apike nusu ya kipimo.

Kwenye friza, hifadhi supu bila makaroni na bila viazi: makaroni hurojeka, viazi hugeuka punjepunje na kutoa maji. Jaza chombo ukiacha nafasi ya vidole viwili juu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na kupasua kioo. Siku ya kula, chemsha supu, tia makaroni gramu 60 kwa lita, na fungu jipya la mchicha.